Boneti Haikai, Bampa Inaachia: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Grenda

Kila wiki gereji za hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Mabawa, zinapokea Altezza, Mark X au Impreza yenye boneti ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini) iliyofungwa kwa kamba juu ya paa na bampa mpya imelazwa siti ya nyuma. Mwenye gari anaonyesha kona moja na kusema, "Fundi, hapa imekataa kukaa, kata kidogo tu." Jibu langu kwa wote ni moja: hatukati kitu mpaka tujue kwa nini imekataa. Mwanya mbaya unaouona kwenye boneti au bampa mara nyingi haukuanzia hapo unapoonekana. Umeanzia kwenye fenda (bati la juu ya gurudumu la mbele) iliyosogea, kwenye bawaba iliyopinda, au kwenye fremu ya rejeta iliyogongwa zamani na kunyooshwa nusunusu kabla gari halijapanda meli. Ukikata ncha ya boneti ili iingie, ubovu unabaki palepale. Siku ukitaka kurudisha boneti ya asili, nayo haitakaa.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, ili uende moja kwa moja kwenye tatizo lako. Ila sehemu ya kwanza inamhusu kila mtu.

Kabla ya yote: gari lenyewe limenyooka?

Gepu, yaani mwanya kati ya kipande na kipande, husomwa kuanzia mlangoni kwenda mbele. Mlango wa mbele umeshikwa na nguzo ya bodi, kwa hiyo ndio kipimo chako. Fenda inalinganishwa na mlango, boneti inalinganishwa na fenda, taa zinalinganishwa na boneti na fenda, na bampa inakuja mwisho kabisa. Ni kama vifungo vya shati: ukikosea cha kwanza, vyote vinavyofuata vitakwenda upande. Anayeanza na bampa kwa sababu ndiyo inayoonekana atajikuta anaifungua tena.

Magari mengi ya Kijapani yalitoka kiwandani yakiwa na mwanya wa milimita 3 hadi 5 kati ya bati na bati. Tafuta washa (kile kipete bapa kinachokaa chini ya bolti) au kipande cha plastiki chenye unene wa milimita 4, kizungushie tepu ya karatasi kisichune rangi, kisha ukipitishe kati ya mlango na fenda, juu, katikati na chini, pande zote mbili. Usawa ni muhimu kuliko namba yenyewe. Mwanya wa milimita 5 ulio sawa toka juu hadi chini unapendeza macho kuliko ulioanza na 3 ukaishia 6.

Halafu pima mshazari. Toka bolti ya juu ya shoki ya gurudumu la kulia hadi tundu la kufungia taa ya kushoto, kisha toka shoki ya kushoto hadi tundu la taa ya kulia. Gari lililonyooka linatoa vipimo viwili sawa au vinavyopishana milimita 2 au 3. Vikipishana zaidi ya 5, mbele ya gari imevutwa upande, na hakuna boneti duniani itakayokaa hapo. Lipeleke kwanza kwa mwenye mashine ya kuvutia chesisi.

Kabla hujafungua bampa, toa terminali hasi ya betri na usubiri. Toyota wenyewe wanataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa sehemu zenye mfumo wa eabegi, na magari mengi yana sensa za mgongano hapo mbele kwenye fremu ya rejeta. Sensa ukiikuta, irudishe palepale ilipokuwa, ikielekea kulekule.

Sasa ning'iniza kila kitu kikiwa kimelegea: fenda, boneti, taa, shoo (wavu wa mbele ya rejeta), bampa. Bolti zikazwe kwa vidole tu. Rudi nyuma hatua chache, chuchumaa, utazame gari zima. Ukiridhika ndipo unaanza kukaza, kutoka nyuma kwenda mbele. Yote haya yafanyike kabla ya rangi. Naumia kuona bampa iliyopakwa rangi nzuri ikichunwa siku ya kwanza kwa kulazimishwa, na muuzaji wa spea hawezi kukubali kupokea tena kitu kilichokwisha kupakwa au kutobolewa.

Na uhakikishe umenunua kitu cha gari lako kweli. Impreza za kizazi cha 2000 hadi 2007 zilibadilishwa sura ya mbele mara mbili, na boneti, fenda, taa na bampa za sura moja hazichanganyiki na za sura nyingine. Bampa ya Mark X ya namba 120 haiendi kwenye ya 130. Kinyume chake, Altezza iliuzwa nje ya Japani kwa jina la Lexus IS (ya kizazi cha kwanza), bodi ni ileile, kwa hiyo mwenye Altezza ana uwanja mpana wa kuchagua. Mweleze muuzaji wa Kariakoo namba ya chesisi. Jina la gari peke yake halitoshi.

Mwanya wa boneti ni mpana upande mmoja, mwembamba upande wa pili

Jiulize kwanza: upana huo ni sawa toka kwenye kioo hadi kwenye taa, au unaanza mwembamba na kufunguka? Hizo ni dalili mbili tofauti.

Ukiwa sawa toka mwanzo hadi mwisho, boneti nzima imehamia upande. Ukiwa unafunguka kuelekea mbele, boneti imezunguka na pua yake inaelekea upande wa pili. Marekebisho yote mawili yanafanyika kwenye bolti zinazoshika boneti na bawaba, mara nyingi za spana namba 12. Matundu yake ni mapana kuliko bolti kwa makusudi, ili boneti isogezwe. Chora alama ya kalamu kuzunguka kila bawaba kabla ya kulegeza, ili ujue ulikotoka. Legeza kiasi kwamba boneti inasukumika kwa kiganja lakini haitelezi yenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaliruka: ondoa loki ya boneti kabisa. Loki ikiwepo inaivuta boneti ije kwake kila unapofunga, na mwanya unaousoma unakuwa wa loki, si wa bawaba. Utahangaika asubuhi nzima na bawaba zisizo na kosa.

Pua ikielekea kulia, sukuma boneti mbele kidogo kwenye bawaba ya kulia, au irudishe nyuma kwenye ya kushoto. Milimita 1 au 2 zinatosha. Kaza bolti moja kila upande, shusha boneti polepole, tazama, inua, rekebisha tena. Muwe watu wawili, mmoja kila fenda, kwa sababu ncha ya nyuma ya boneti ikiteleza inachimba rangi ya fenda au inapasua kona ya kioo.

Boneti ikishakaa sawa na bado upande mmoja unasumbua, tazama fenda. Fenda ina mstari wa bolti namba 10 juu, ndani ya chumba cha injini, lakini zinazoamua mkao wake zimejificha: moja iko kwenye kona ya juu ya nyuma, unaiona ukifungua mlango, na nyingine iko chini karibu na kizingiti. Mafundi wengi wanalegeza za juu pekee, wanaivuta fenda kwa nguvu, halafu inarudi. Legeza zote, hata ya chini, na fenda itakwenda unakotaka.

Kwa faiba kuna swali la ziada: je, upana wa boneti yenyewe ni sahihi? Rezini ya poliesta husinyaa kidogo inapokauka, na boneti iliyotolewa kwenye moldi mapema huendelea kubadilika. Pima upana sehemu tatu na ulinganishe na boneti yako ya bati. Ikiwa nyembamba kwa milimita 4, gawa 2 kila upande na ukubali. Ikiwa pana, toa fenda nje kadiri matundu yanavyoruhusu, na kilichobaki kipunguze kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao, taratibu, ukipima kila mara. Hapa ndipo kupunguza kunaruhusiwa, maana umeshathibitisha kwamba kosa ni la boneti. Vaa barakoa na miwani. Vumbi la faiba likiingia kifuani ni baya, na likiingia kwenye ngozi utawashwa siku nzima.

Kona ya nyuma, karibu na kioo, imenyanyuka

Bonyeza kona hiyo kwa kiganja. Ikishuka na kurudi, bawaba imelika au boneti ni laini sehemu ya bolti. Isiposhuka kabisa, bawaba imefungwa juu mno, au kuna kitu chini kinaizuia.

Anza na kitu kinachozuia. Boneti nyingi za faiba zenye ngozi mbili (tabaka la nje na la ndani) ni nene kuliko ya bati, na zinaegemea mpira wa nyuma au bomba la maji ya waipa. Paka chaki kwenye mpira, funga, fungua, na utazame chini ya boneti ilipoacha alama.

Kama ni bawaba, linganisha zote mbili. Zifungue, uziweke pamoja mgongo kwa mgongo. Bawaba iliyopinda utaiona papo hapo. Kwa magari ya hapa pwani chanzo cha kawaida ni upepo: boneti imeachwa wazi Raskazone kusi ikivuma, ikarushwa nyuma na kupinda bawaba moja kuliko nyingine.

Kwenye faiba angalia pia kama bolti imezama. Ukikaza faiba tupu kwa nguvu ya bati, nyuzi zinapondeka na kona inabadilika kimo. Weka kibati bapa upande wa ndani, washa pana upande wa nje, na ukaze mpaka ishike tu.

Kona ya mbele imenyanyuka

Mara nyingi ni vipira vya boneti. Ni vile vipira vinavyozunguka kama skrubu, kimoja kila kona ya mbele. Zungusha kuingiza ili kona ishuke, kutoa ili ipande. Kazi ya dakika chache, na inashangaza ni watu wangapi wametumia puti kurekebisha kimo cha boneti wakati kipira kilikuwepo.

Vipira vikishindwa, huenda boneti imejikunja. Ilaze juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka, ngozi ikitazama juu, ubonyeze kona mbili za mshazari kwa zamu. Ikicheza, imejikunja. Pima kiasi inachocheza kwa kurundika washa chini ya kona iliyo hewani, kisha ilaze boneti ya bati mahali palepale na ulinganishe.

Faiba ya poliesta hulegea inapopata joto la nyuzi 60 na kuendelea, na kitu cheusi kilichoanikwa juani Tanga mchana wa Januari kinafika huko bila taabu. Tumia joto hilohilo. Weka vipande vya mbao chini ya kona zinazofaa, funga kamba au weka uzito ili boneti ikae kwenye umbo sahihi na kuvuka kidogo, iache juani mchana kutwa, na usiifungue mpaka ipoe usiku. Kilichopinda milimita 3 hadi 5 huwa kinarudi. Kikizidi 10, mrudishie muuzaji bado hujaipaka rangi. Kwa sababu hiyohiyo, usiegemeze boneti mpya ya faiba ukutani juani ukisubiri zamu ya fundi. Itajikunja ikiwa imesimama.

Boneti haifungi, au imefunga na haifunguki

Loki inarudishwa mwisho, mwanya ukiwa tayari umekaa. Irudishe bolti zikiwa zimelegea kidogo. Paka grisi kwenye kitanzi cha chuma kilicho chini ya boneti, shusha boneti mpaka kitanzi kiguse tu, inua, tazama. Grisi ikiwa imeachwa upande mmoja wa mdomo wa loki, sogeza loki upande huo mpaka kitanzi kiingie katikati. Unaposhusha, jicho liwe kwenye mwanya wa pembeni: boneti ikichepuka hata kidogo wakati wa kuingia, loki bado haiko sawa.

Ikihitaji kubamizwa ndipo ifunge, loki iko chini mno. Ikifunga lakini ukiishika kwa mkono inacheza juu na chini, loki iko juu mno; ishushe mpaka boneti iegemee vipira kwa mgandamizo mdogo. Faiba haibamizwi. Ishushe, kisha ibonyeze kwa viganja viwili juu ya loki.

Kabla ya kuifunga kwa mara ya kwanza, acha shoo nje ili bisibisi iweze kuifikia loki. Boneti ikinasa, mtu mmoja aketi ndani akivuta kebo na mwingine abonyeze boneti chini kwa nguvu mbele, kwa sababu mara nyingi loki imebanwa na mvutano tu. Na hakikisha ndoano ya pili inafanya kazi: ukivuta kebo, boneti inyanyuke kidogo na kushikwa. Kuna boneti za faiba zinazouzwa bila ndoano hiyo. Nyingine inayo lakini haifiki.

Boneti inatetemeka ukikimbia

Hii ndiyo dalili pekee hapa inayokutaka usimamishe gari leo. Usiseme utaitazama ukifika Segera.

Gari likikimbia, hewa inayopita juu ya boneti ina mgandamizo mdogo, na hewa inayoingia kupitia shoo inajaa chini yake na kuisukuma juu. Boneti ya bati ina uzito na mbavu za kuhimili. Ya faiba yenye ngozi moja haina. Ukipishana na basi linalokuja kwa kasi kwenye barabara ya Muheza, upepo wake unaongeza pigo jingine. Boneti ikiachia, inageuka na kukipiga kioo cha mbele, na wewe huoni kitu.

Fungua, utazame kwa karibu sehemu kitanzi kilipofungwa. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele zinazotawanyika kutoka kwenye bolti, ngozi imeanza kuchanika, na loki peke yake haitashikilia tena. Hata kama nyufa hazijaonekana, boneti ya ngozi moja inahitaji pini mbili za boneti (vyuma vya wima vinavyotokeza kwenye tundu la boneti na kufungwa juu yake) kwenye kona za mbele. Loki ya asili iache pia kama boneti ina mahali pake.

Pini zinafungwa kwanza kwenye fremu ya rejeta, mahali penye bati nene la chuma. Kamwe usizifunge kwenye plastiki ya shoo. Zikishakaa wima, paka rangi kidogo kwenye ncha, shusha boneti iguse, inua: ncha zimekuonyesha pa kutoboa. Anza na keekee ndogo kutoka upande wa nje, juu ya tepu ya karatasi ili rangi isibanduke, halafu panua polepole. Weka sahani ya chuma au alumini chini ya faiba kuzunguka tundu. Pini isiyo na sahani inahamisha tu mahali pa kupasukia.

Kama boneti inatetemeka karibu na kioo, tazama shoki za boneti, yaani vile vijiti vya gesi vinavyoiinua. Shoki zilizopangwa kuinua bati zito zina nguvu mno kwa faiba. Hata boneti ikiwa imefungwa zinaisukuma katikati na kuiumua. Zitoe, utumie fimbo, na fimbo iegemee kwenye ubavu wa ndani, isiguse ngozi tupu.

Bampa inaachia kwenye kona ya fenda

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na chanzo chake cha kwanza ni kidogo: kishikizo cha plastiki cha pembeni hakipo. Bampa haishikwi na skrubu za juu kwenye shoo peke yake. Pembeni, chini ya ukingo wa fenda, kuna kishikizo kirefu chenye meno ambacho bampa inabofyewa ndani yake, na hicho ndicho kinachobeba kona. Kilivunjika zamani, fundi akapiga skrubu kutoka nje, ya pili ikafuata, sasa kona inavutwa na skrubu mbili zenye kutu. Tafuta kishikizo cha gari lako hata cha mtumba. Hakuna ujanja unaokizidi.

Kishikizo kikiwepo na kona bado inaachia, tazama mpangilio wa kukaza. Bofya kona zote mbili kwanza, kaza skrubu za ndani ya tao la tairi, halafu ndipo ukaze za juu. Ukianza juu, katikati kunarudi nyuma na kona zinafunguka nje.

Kisha jua bampa yako ni ya nini, kwa sababu kila nyenzo inarekebishwa kwa njia yake. Igeuze uangalie nyuma. Nyingi za kiwandani zimegongwa herufi PP, peke yake au pamoja na nyingine. Hiyo ni polipropilini. PUR ni poliurethani, nzito na laini kama mpira. Faiba utaiona nyuzi zake. Kama haina alama, kata kinyama kidogo kwenye ukingo wa ndani usioonekana ukitupe majini: polipropilini kwa kawaida inaelea, nyingine zinazama.

Poliurethani iliyokunjwa ndani ya boksi inarudi yenyewe ukiianika juani juu ya meza iliyonyooka. Polipropilini inataka hita ya upepo wa moto. Pitisha upande wa nyuma, ukihamisha mkono muda wote, mpaka plastiki ikubali kukunjwa kwa vidole. Ishikilie kwenye umbo unalotaka na uipozee kwa kitambaa kilicholowa. Ikianza kung'aa, joto limezidi. Ondoa hita mara moja. Faiba hairudi kwa hita kama plastiki; ile boneti tuliyoinyoosha ilihitaji jua la mchana kutwa na uzito. Ukiilazimisha kwa skrubu, itapasuka kona siku utakayopita tuta, kwa hiyo rekebisha umbo kwa kukata na kuongeza nyuzi na rezini upande wa nyuma.

Jambo moja la hali ya hewa yetu. Plastiki hutanuka mara kadhaa zaidi ya chuma. Bampa ya upana wa karibu mita 1.8 inaweza kurefuka milimita 3 hadi 5 kati ya alfajiri ya baridi na jua la saa saba. Ukiifunga asubuhi ikiwa imebana kabisa kwenye fenda, mchana itaumuka katikati au itasukuma kona nje, na utadhani fundi amekuibia kazi. Acha mwanya wa milimita 1 au 2 kila kona, na matundu ya kufungia yawe marefu kidogo ili bampa iweze kutembea.

Bampa imelegea au imebonyea katikati

Nyuma ya bampa kuna chuma, na mbele ya chuma kuna sponji ngumu. Sponji ikitupwa kwa sababu "haikuingia", bampa haina kinachoiegemeza. Punguza sponji kwa kisu, usiitupe. Chuma chenyewe usikikate kwa sababu ya bampa yoyote ile. Ndicho kinachopokea pigo kabla ya miguu yako. Bampa isiyoweza kufungwa bila kukata chuma hicho haifai kwa gari la barabarani.

Inasugua tairi au tuta

Gari likiwa limeshushwa, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki ya chini ya mkono wa gurudumu ili springi ijikunje, kata usukani mpaka mwisho, upitishe mkono kati ya tairi na bampa. Usipopita, utasugua Pongwe hadi Muheza. Mara nyingi kinachogusa ni kava ya ndani ya fenda iliyopoteza klipu, wala si bampa. Lipu ya chini (ukingo wa nyongeza chini ya bampa) ifunge kwa skrubu ndogo za plastiki, ili ikigonga tuta ing'oke yenyewe na kuiacha bampa salama.

Rangi inabanduka au inapasuka

Ikibanduka vipande vizima na chini yake plastiki ni safi, bampa ni ya polipropilini na haikupakwa praima ya plastiki. Rangi ya kawaida haishiki hapo hata ukisugua msasa namna gani. Ikipasuka mistari midogo mingi kwenye poliurethani, rangi haikuongezwa dawa ya kuilainisha. Ikipasuka kama utando wa buibui kwenye faiba, kosa liko chini ya rangi: ngozi ya juu imepigwa au inavutwa na bolti. Kupaka juu yake hakusaidii. Kwangua mpaka kwenye nyuzi na uondoe mvuto kwanza.

Gari linachemka tangu ubadilishe sura

Joto lilikuwa sawa, umeweka bampa yenye mdomo mkubwa, sasa sindano inapanda kwenye mwinuko. Inaonekana kinyume, maana mdomo ni mkubwa zaidi, lakini hewa hupita panapopitika kwa urahisi. Bampa ya asili ilikuwa na kuta za plastiki zilizoielekeza hewa kwenye rejeta. Zimetolewa, na hewa sasa inazunguka pembeni na kukwepa. Ziba nafasi zilizopo kati ya bampa na rejeta, kushoto, kulia na juu, kwa plastiki nyembamba au mpira, na urudishe kava ya chini.

Chunguza pia ile desturi ya kuinua nyuma ya boneti kwa washa ili joto litoke. Chini ya kioo cha mbele ni mahali penye mgandamizo mkubwa gari likitembea, kwa hiyo hewa ina tabia ya kuingia hapo, si kutoka, na inapunguza nguvu ya hewa inayopaswa kuvuka rejeta. Ukisimama kwenye foleni joto litatoka kweli, lakini safarini umejidhuru. Matundu ya boneti yanayotoa joto vizuri ni yale yaliyo mbele zaidi, karibu tu nyuma ya rejeta.

Mvua na kutu

Boneti yenye matundu inapitisha maji, na masika ya Tanga hayana huruma. Injini yenye koili juu ya plagi hukusanya maji kwenye visima vya plagi, na gari linaanza kukosa moto siku ya mvua na kupona likikauka. Weka sinia la bati chini ya tundu, lenye mfereji wa kupeleka maji pembeni.

Kila tundu ulilotoboa kwenye bati lipake praima na rangi siku hiyohiyo. Chumvi ya hewa ya bahari haisubiri wikiendi. Na kama boneti ni ya kaboni halisi, usifunge alumini moja kwa moja juu yake. Kaboni na alumini vikikutana na unyevu wa chumvi, alumini huliwa haraka. Tenganisha kwa washa ya plastiki na utumie bolti za chuma kisichoshika kutu.

Taa zinamulika juu au pembeni

Umezigusa taa ili zilingane na boneti, kwa hiyo mwanga umehama. Kabla ya kufungua chochote, egesha gari usiku mbele ya ukuta kwenye sakafu iliyo sawa, ubandike tepu pale mwanga wa chini unapoishia, na uweke alama chini ya magurudumu. Kazi ikiisha rudisha gari kwenye alama hizohizo na uzungushe skrubu za taa mpaka mwanga urudi kwenye tepu.

Baada ya wiki moja ya kuendesha, fungua boneti na upitishe spana kwenye bolti za bawaba, loki na pini, kisha kagua klipu za bampa kwa kidole moja baada ya nyingine. Faiba mpya hubonyea chini ya washa na bolti hulegea robo ya mzunguko. Zikaze tena kwa kiasi kilekile, kisha urudi na kipande chako cha milimita 4 kwenye mianya yote.